Tathmini ya huduma: IPOA na safari ya kumfikisha mahakamani askari aliyeua bila sababu

Nambari 1559 haitozi malipo. Nimeipiga mara moja tu, nikiwa nimekaa mkekani nyumbani kwa jirani yangu hapa Pwani, simu ikiwa kwenye spika ili naye asikie, siku moja baada ya mwanawe kupigwa risasi na askari wa doria. Aliyepokea alikuwa wa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ambayo Wakenya wengi tunaiita IPOA. Tangu siku hiyo watu kadhaa wa mtaani wameniuliza kama kuna faida ya kupiga, na kama askari akiua mtu bila sababu kweli anaweza kufungwa. Jibu langu ni refu kuliko ndiyo au la, kwa hiyo naliandika hapa jinsi nilivyoiona huduma hii na jinsi kesi zinavyoonyesha matunda yake na mapungufu yake.

Kwanza sheria yenyewe, kwa sababu mtu hawezi kupima huduma bila kujua ameahidiwa nini. Katiba ya 2010 inalinda uhai wa kila mtu katika Kifungu cha 26. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ina Jedwali la Sita, na ningependa kila mzazi mwenye kijana alisome, maana ni kurasa chache tu na lugha yake si ngumu. Linasema askari aanze na njia zisizo za nguvu, na nguvu zikihitajika zilingane na kosa na upinzani uliopo. Bunduki ni ya pale ambapo njia nyepesi hazitoshi, na hasa pale ambapo maisha ya askari au ya mtu mwingine yamo katika hatari ya papo hapo. Jedwali linataja pia ulinzi wa mali kwa nguvu zenye sababu ya haki, na kumzuia mshtakiwa wa kosa kubwa asitoroke kutoka kizuizini, vipengele ambavyo kwa maoni yangu vimeacha mlango wazi kupita kiasi. Kabla ya kufyatua, askari anatakiwa aonye na ampe mtu nafasi ya kutii, isipokuwa onyo lenyewe lingehatarisha maisha. Baada ya kufyatua anatakiwa aripoti, hata kama risasi haikumpata mtu. Mtu akifa au akijeruhiwa vibaya, mkuu wake anapaswa kuijulisha IPOA mara moja, kulinda eneo la tukio na kuwaarifu jamaa. Kuna pia mstari mmoja ambao nimeukariri: kufuata amri ya mkubwa si udhuru kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria.

Mstari huo ulikuja kuwa na uzito mpya katikati ya mwaka 2025, baada ya maandamano ya Juni, pale Waziri wa Usalama wa Ndani aliposikika akizungumzia kuwapiga risasi wanaosogelea vituo vya polisi kwa nia mbaya, na Julai Rais William Ruto akasema hadharani kwamba wanaochoma mali za watu wapigwe risasi ya mguu. Nimelisoma Jedwali la Sita tena na tena na sijaona humo risasi ya mguu. Askari kijana aliyesikia maneno hayo na kuyachukulia kuwa ruhusa, akimpiga mtu paja, mshipa mkubwa wa damu ukakatika na mtu akafa njiani kwenda hospitali, atasimama kizimbani peke yake. Aliyetamka jukwaani hatakuwa naye, na sheria imeshamwambia askari huyo mapema kwamba amri haitamwokoa. Nalisema hili kwa kuwajali askari pia, maana wako watoto wa majirani zetu waliovaa sare hizo.

Sasa huduma. IPOA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 na bodi yake ya kwanza ikaapishwa mwaka 2012. Makao makuu yako Nairobi, na kuna ofisi za maeneo, zikiwemo Mombasa, Kisumu na Garissa. Kazi yake ni kupokea malalamiko dhidi ya polisi na kuyachunguza, na kwa vifo na majeraha makubwa yanayotokana na polisi haihitaji kusubiri mlalamishi. Ina wachunguzi wake wenyewe, ambao wanaweza kumwita askari na kudai nyaraka za kituo. Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo huleta uchungu baadaye, ni kwamba haina uwezo wa kumshtaki mtu. Ikimaliza uchunguzi hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye chini ya Kifungu cha 157 cha Katiba ndiye anayeamua kama kuna kesi ya mauaji, au ya kuua bila kukusudia, au hakuna kesi kabisa, au faili lirudi likaongezwe ushahidi. Anaweza pia kuelekeza kwamba hakimu kwanza afanye uchunguzi wa kifo hadharani. Kwa hiyo jamaa anayepiga 1559 anaingia katika mlolongo wa ofisi tatu au nne, na IPOA ni mlango wa kwanza tu.

Nirudi mkekani. Kituo ambacho nisingependa kukitaja kilikuwa kimemwambia jirani yangu kwamba mwanawe alikuwa na wenzake wahalifu na kwamba walijibizana risasi. Tulipoenda kuomba nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, afisa aliyekuwa kaunta alimtazama, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, “Mama, nenda ukazike kwanza, haya mengine yatakuja.” Huenda alisema kwa huruma. Lakini kwetu sisi Waislamu wa Pwani, ambao maiti huzikwa siku hiyo hiyo ikiwezekana, maneno hayo yana nguvu ya kufunga kesi kabla haijafunguliwa. Risasi ikizikwa na mwili, na nguo zikafuliwa, mtoto huyo atabaki na maelezo ya upande mmoja tu.

Mtu wa IPOA aliyepokea simu aliongea Kiswahili fasaha bila haraka. Hakuuliza kwanza kama kijana alikuwa mwizi. Aliuliza tukio lilitokea wapi na saa ngapi, ni kituo gani, kama askari walikuwa na sare au nguo za kiraia, kama majina au nambari zao zilionekana vifuani (Jedwali la Sita linawataka wenye sare wazionyeshe), mwili uko makafani gani, na kama umeshafanyiwa upasuaji. Kisha akauliza nguo ziko wapi. Jirani yangu akageuka kutazama uani. Shati la mwanawe lilikuwa pembeni ya beseni, na maji yalikuwa yameshatiwa. Alikuwa anataka kulifua kwa sababu hakutaka kuiona damu ya mwanawe, na sidhani yuko mama ambaye asingelifanya hivyo. Tuliambiwa tusilifue, lisitiwe mfuko wa plastiki kwa sababu unyevu huozesha damu, tulianike kivulini likauke halafu tulifunge kwa karatasi. Nililifunga mimi kwa karatasi ya khaki, nikaandika juu tarehe na saa na jina la aliyelitoa makafani. Tundu lilikuwa upande wa mgongo, chini kidogo ya bega, dogo kuliko kidole changu cha mwisho.

Faili hilo bado liko wazi, kwa hiyo naliachia hapo. Lakini kwa usikivu wa simu ile na uzito wa maswali yale, nimeridhika, na nasema hivyo kwa sababu nimeshakaa kwenye madawati ya ofisi nyingi za serikali nikisubiri mtu ainue macho.

Swali kubwa ni kama yote haya hufika mwisho. Hapa ni lazima nitoke katika yaliyonikuta nizitazame kesi zilizo katika kumbukumbu za mahakama. Ya kwanza ninayoikumbuka ni ya hapa hapa Pwani. Agosti 2014, usiku, polisi waliokuwa wakimtafuta mshukiwa waliingia katika nyumba moja Kinango, kaunti ya Kwale, na msichana wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, akauawa kwa risasi. Maelezo ya askari yalikuwa kwamba mtoto huyo aliwashambulia kwa panga. Alikuwa ameshazikwa, na mwili wake ukafukuliwa ili uchunguzwe upya. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwapata maafisa wawili na hatia ya kuua bila kukusudia na kuwafunga miaka 7 kila mmoja. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa IPOA. Wengi walilalamika kwamba miaka 7 ni michache kwa roho ya mtoto, nami niliumia vilevile. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza hadithi ya panga iliwekwa mbele ya jaji, ikahojiwa na ikakataliwa, na jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo.

Hapa inafaa kueleza kwa ufupi tofauti ambayo huwachanganya jamaa. Mauaji, chini ya kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu, yanahitaji mwendesha mashtaka athibitishe nia ovu iliyotangulia, na adhabu yake kubwa ni kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017 jaji halazimiki tena kuitoa. Kuua bila kukusudia hakuhitaji nia hiyo, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Askari karibu kila mara atasema alikuwa kazini, aliogopa, aliona kitu mkononi mwa marehemu, au risasi iligonga kitu ikageuka. Asemapo hivyo, tundu la mgongoni na umbali wa bunduki ndivyo vinavyoweza kumjibu, na ndiyo maana nimerefusha habari ya shati.

Kesi ya pili siipendi kuisimulia lakini haiwezi kuachwa, kwa sababu inamhusu mteja wa huduma hii. Josephat Mwendwa alikuwa mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na afisa wa polisi mwaka 2015 na kuishi. Alilalamika IPOA. Tarehe 23 Juni 2016 alitoka mahakama ya Mavoko pamoja na wakili wake, Willie Kimani, na dereva wao, Joseph Muiruri, wakatekwa. Walishikiliwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau, ambako waliandika ombi la msaada kwenye kipande cha karatasi ya choo wakakitupa nje. Miili yao ilipatikana mtoni siku kadhaa baadaye. Jaji Jessie Lessit aliwapata na hatia maafisa watatu na mpasha habari mmoja wa polisi Julai 2022, afisa wa nne akaachiliwa, na Februari 2023 afisa mkuu wa njama hiyo akahukumiwa kifo, huku wenzake wakipewa vifungo vya kati ya miaka 20 na 30. Haki ilipatikana, lakini baada ya zaidi ya miaka 6, na mlalamishi mwenyewe hakuwepo kuisikia.

Kwa hiyo, kwa upande wa ulinzi wa mlalamishi, siwezi kuipa huduma hii alama nzuri, na sidhani kosa ni la IPOA peke yake. Kuna Shirika la Kulinda Mashahidi, lakini kuingia katika mpango wake ni kuhama mtaa, kuacha kazi na kukata mawasiliano na ndugu, jambo ambalo mama mwenye genge la mboga na wajukuu watatu hawezi kulifanya kwa miaka mitano. Matokeo yake shahidi hukaa mtaa uleule unaopigwa doria na wenzake wa mshtakiwa. Anayekwenda kuandikisha taarifa anapaswa kuliuliza hili waziwazi siku ya kwanza: nikipata vitisho, nampigia nani, na atakuja baada ya muda gani?

Udhaifu mwingine ni ushahidi wa kitaalamu. Mchunguzi wa IPOA akipata ganda la risasi, ni lazima lilinganishwe na bunduki iliyotoka ghala la silaha la kituo, na daftari la silaha liseme nani alichukua bunduki ipi usiku huo na aliirudisha na risasi ngapi. Daftari hilo liko mikononi mwa polisi. Maabara ya risasi nayo iko chini ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambayo pia ni polisi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Wachunguzi wa Vifo ilipitishwa mwaka 2017 ili vifo vya aina hii vichunguzwe na ofisi iliyo nje ya polisi, na bado haijawafaa jamaa niliowasindikiza makafani. Kama mwenye mamlaka atasoma tathmini hii, basi hilo ndilo ombi langu kubwa kuliko yote: mpeni mchunguzi maabara isiyo ya anayechunguzwa.

Kesi ya mtoto Samantha Pendo wa Kisumu imenifundisha kuhusu urefu wa njia. Alikuwa na umri wa miezi 6 alipopigwa nyumbani kwao katika msako wa polisi baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, akafa hospitalini. Mwaka 2019 hakimu aliyefanya uchunguzi wa kifo aliwataja makamanda waliopaswa kubeba lawama. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akatangaza kuwashtaki maafisa 12 kwa makosa ya jinai dhidi ya ubinadamu, chini ya Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kimataifa ya mwaka 2008. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu iligusa waliotoa amri na si walioshika rungu tu. Lakini kati ya kifo na tangazo hilo ilipita miaka 5, na baada ya tangazo kesi ikaingia katika kuahirishwa na kuahirishwa. Mzazi anayeanza safari hii ajiandae kwa nauli ya mahakamani ya miaka mingi.

Nimeona pia mambo yakienda kwa kasi. Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikufa akiwa kizuizini katika kituo cha polisi cha Central, Nairobi, Juni 2025. Polisi walisema alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo, IPOA ikaeleza kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa, na kabla ya mwezi huo kwisha watu 6, akiwemo mkuu wa kituo, walishafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Siku chache baada ya kifo hicho, Boniface Kariuki, muuzaji wa barakoa, alipigwa risasi kichwani katikati ya jiji mbele ya kamera za simu, akafariki mwisho wa Juni, na afisa mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Washtakiwa wote hao wana haki ya kusikilizwa, na sitawahukumu hapa. Ninachokiona ni kwamba faili lilikwenda mbio pale ambapo nchi nzima ilikuwa inatazama na upasuaji ulifanyika mbele ya madaktari wa pande zote. Kijana wa Kinango, wa Likoni au wa Garissa anayeuawa usiku bila simu hata moja kurekodi anastahili kasi hiyohiyo.

Wasomaji wa Tanzania huniuliza kwao mambo yakoje. Hakuna chombo kama IPOA. Kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo kazi yake ni pana zaidi. Lakini haimaanishi mahakama zao hazijawahi kumfunga askari. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012 kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye, na mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Picha zilizopigwa na waandishi wenzake zilionekana nchi nzima. Ingekuwa hazipo, sijui kesi ile ingeanzia wapi.

Je, ningempeleka tena jirani IPOA? Ningempeleka, na mapema kuliko tulivyokwenda sisi. Ningepiga 1559 siku ileile, kabla ya kituo na kabla ya mazishi, kisha ningekwenda ofisini ana kwa ana ili faili liwe na nambari na mimi nibaki na nakala yenye muhuri. Ningetafuta shirika la haki za binadamu litulipie daktari wetu asimame upasuaji ukifanyika. Kuhusu mazishi, niliwauliza masheikh wawili kabla ya kumshauri jirani yangu, na wote wawili walisema kuchelewesha maziko kwa siku moja ili kujua aliyemwaga damu ya muislamu kuna ruhusa. Nalitaja kwa sababu najua ndilo linalozuia familia nyingi za huku, na hakuna ofisi inayolieleza.

Shati tulilikabidhi kwa mchunguzi siku ya nne. Alitia saini kwenye daftari langu la kawaida la mistari, akaandika cheo chake, nambari ya faili na saa: 5:20 asubuhi. Jirani yangu aliomba alishike mara moja zaidi kabla halijaondoka. Mchunguzi akampa glavu, akamsubiri.